Mtu wa Kanda

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Imetangazwa rasmi. Hospitali zote, vituo vya afya vyote na zahanati zote, hata ile yenye chumba kimoja na mbuzi mlangoni, zinaunganishwa chini ya Mamlaka moja ya Afya. Chungu kimoja, mwiko mmoja. Kisha Mamlaka itaugawa mfumo wote katika kanda tatu, na kila kanda itapewa Mkuu wa Kanda.

Kwenye kikao, Metroni, mkuu wa wauguzi wetu, akauliza kwa nini tunaunganishwa ili tugawanywe. Nikamwambia hayo ni mambo ya utawala. Akasema ndiyo maana anauliza.

Mkuu wa Kanda ya Kati ni mimi. Mamlaka bado haijajua, lakini ni mimi. Nimekuwa katibu wa hospitali hii tangu paa lake likiwa halivuji. Hakuna mtu katika kanda nzima anayejua kufungua kikao na kukifunga kama mimi. Katikati ya kikao ni kazi ya wengine.

Tatizo ni moja, na lina miguu miwili. Shemeji yangu! Mdogo wake mke wangu, katibu wa hospitali ya ng'ambo ya mto. Kijana ambaye nilimfundisha kufunga tai kwa mikono yangu hii, asubuhi ya harusi yangu. Hospitali zetu mbili zinaingia kanda moja, na kanda moja haina wakuu wawili. Akipata yeye, nitakuwa chini yake. Nitamwomba ruhusa ya likizo! Na mama mkwe akiwa hai, anaona!

Nimefika nyumbani nimefura habari. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hongera, beseni liko jikoni.

Hapa naandika neno ambalo halijatoka nje ya ua wetu. Mke wangu anaoka mikate ya kuuza. Anayekanda unga ni mimi. Yeye anasema mikono yangu ina kitu, mkate nilioukanda mimi hauna mabonge. Kazini hakuna anayejua, na hatajua. Mkuu wa Kanda mwenye unga kwenye viwiko! Aliyewahi kuniona ni mmoja tu, kupitia dirisha la jikoni, na ni shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Juni

Mkakati wa kwanza. Ofisi ya Kanda iwepo kabla kanda haijakuwepo. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka anakuja ziara, atachagua wakuu na makao makuu. Akikuta ofisi imeshasimama, ataanzaje kuibomoa?

Nimekichukua chumba cha viungo. Ndicho alichokuwa akitumia mtaalamu wa viungo, yule aliyekuwa akinyoosha watu migongo na magoti, kabla hajastaafu akaenda kufuga kuku. Hajaletwa mwingine. Chumba kimekaa bure, kina dirisha kubwa na feni inayozunguka. Ndani mna kitanda kirefu cha ngozi nyeusi. Nikamwagiza mtunza stoo akitoe. Akasema kitanda ni mali ya idara, anahitaji saini ya Metroni. Metroni akasema hatii saini mpaka kamati ya vifaa ikae. Mwenyekiti wa kamati ya vifaa ni Metroni. Nikamwuliza itakaa lini. Akasema ikipata pa kukaa, maana chumba walichokuwa wanakalia nimekichukua mimi.

Sawa. Kitanda kibaki. Nitakiita meza ya ramani.

Fundi wa mabango amekuja mchana. Nilitaka OFISI YA MKUU WA KANDA, herufi kubwa, rangi nyekundu. Nikamsisitizia neno la mwisho ndilo muhimu, lionekane kutoka getini. Nimemwachia ubao nikaenda kunywa chai. Niliporudi, alikuwa ameanza na neno la mwisho. Lilikuwa limejaa ubao wote. KANDA. Nikamwuliza maneno mengine yataingia wapi. Akasema bosi, si ulisema hilo ndilo muhimu. Amechora na mshale, bila kuombwa.

Nimelitundika hivyohivyo. Lina uzito wake.

Jumatano, 5 Juni

Nimekuta bibi mmoja kwenye benchi mbele ya ofisi yangu. Ameunyoosha mguu, amelala chali karibu robo tatu. Nikamwuliza anasubiri nini. Akanionyesha bango kwa mkongojo. Akasema amefurahi huduma imerudi, goti lake limemsumbua tangu mwaka jana, kisha akauliza ningependa akae upande gani.

Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni kanda ya uongozi, si ya goti. Akasema hata goti lake limekosa uongozi, linakwenda linakotaka. Nikaeleza tena. Akasema sawa mwanangu, atamsubiri mwenye kukanda. Saa sita walikuwa wanne kwenye benchi, na mmoja amekuja na taulo.

Watu wa kawaida hawajui lugha ya utawala. Nimelifunika bango kwa gazeti. Upepo umelifunua.

Jioni nimeshughulikia ramani. Sharti la Mamlaka linasema makao makuu yatakuwa katika hospitali iliyo katikati ya kanda. Nimeichora kanda kwenye karatasi kubwa, ukubwa wa shuka, kwa kalamu nene ya wino. Ubaya uliopo ni kwamba hospitali yetu iko pembeni kabisa, imebanwa na mto. Ya shemeji ndiyo iko katikati. Nimeitazama ramani kwa muda mrefu. Kisha nikausogeza mto.

Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Juni

Upelelezi. Nimemtuma dereva wa ambulensi avuke daraja akaone shemeji anaandaa nini kwa ziara ya Mkurugenzi. Nikamwambia aende kama anayekwenda kujaza upepo tairi. Amerudi na taarifa kwamba hakuna bango, hakuna ofisi mpya, hakuna zulia. Shemeji amekutwa wodi ya watoto, amekunja mikono ya shati, anapaka vitanda rangi pamoja na wahudumu. Katibu mzima! Na brashi! Nimecheka mpaka miwani ikadondoka. Dereva hakucheka. Akasema vitanda vimependeza.

Jioni shemeji mwenyewe akaja kwetu kumjulia hali dada yake. Rangi ya samawati nyuma ya sikio. Akaniita shem, akaniuliza nimejiandaaje. Nikajibu sina la kuandaa, kazi yangu inajieleza. Nikamwuliza yeye je. Akasema anakusanya tu orodha ya vitu ambavyo kanda nzima haina. Orodha ya visivyokuwepo! Nani amewahi kupandishwa cheo kwa kuonyesha alichokosa? Nikamtia moyo aendelee hivyohivyo.

Alipokuwa anaondoka, akanishika mkono, akauminya, akamwambia dada yake mikono ya shem bado imara. Wakaangaliana wale ndugu wawili, wakacheka. Sijapenda.

Ijumaa, 7 Juni

IMEKWISHA! Nimeteuliwa! Yaani karibu.

Simu ya mezani ililia nikiwa natafuta pini za ramani. Laini mbovu, maneno yanaingia na kutoka. Nilikuwa karibu kuikata niliposikia anajitambulisha. Mkurugenzi Mkuu! Mwenyewe, kwa kinywa chake! Nikasimama. Nikakumbuka haoni, nikabaki nimesimama.

Akasema yuko njiani na ziara. Amezunguka vituo vya juu, barabara ni matuta matupu, na sasa huku chini kumekaza kabisa, hakuendi mbele wala nyuma. Chini! Yaani vituo vya bondeni, vile ambavyo ripoti zao huchelewa kila mara. Nikamwambia Mkuu, hilo la chini nimelilalamikia miaka yote. Akasema pole sana, basi naijua shida yake. Tulielewana kama watu waliosoma darasa moja.

Akauliza kama ni kweli hapa kuna mtu wa... laini ikameza... kanda. Sikungoja avute pumzi. Ndiye mimi! Akauliza uzoefu. Nikasema usiulize. Akauliza mkono wangu ukoje, mwepesi au mzito. Nikasema mzito, lakini wa haki. Akafurahi. Akasema wepesi walishamjaribu, hawakufika popote. Akaniambia nimependekezwa na mtu wa ng'ambo anayenijua vizuri. Nina wafuasi hadi ng'ambo, ndani ya ngome ya shemeji!

Halafu akashusha sauti. Ameomba jambo hili libaki kati yetu, msafara usijue, watu watasema Mkurugenzi Mkuu amechoka. Jumatatu akifika, kabla ya hotuba, kabla ya chai, ataanza na mimi. Chumbani. Mlango ufungwe. Akaguna, guno zito la mtu aliyebeba mfumo mzima wa afya mgongoni, na simu ikakatika.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena. Mkuu wa Kanda!

Jumamosi, 8 Juni

Nimekanda unga nikiimba. Nimemsimulia mke wangu simu yote, neno kwa neno, maana siri ya Mkurugenzi haivunjiki ikiambiwa mtu wa nyumbani.

Mwanzoni alisikiliza vizuri. Kwenye huku chini kumekaza, akaacha kupanga mikate. Kwenye mkono mzito, akakaa juu ya gunia la unga. Akauliza kama nina hakika alisema mtu wa kanda. Nikasema nimesikia kwa sikio hili. Akauliza kama hapakuwa na herufi mbili mbele. Nikamwambia herufi si hoja, hoja ni ujumbe. Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika. Nadhani alikuwa analia kwa furaha, tumetoka mbali mimi naye.

Alipotulia akaniambia nikate kucha. Nikamwuliza kucha zinahusiana vipi na utawala. Akasema mkono wa kiongozi uwe safi. Amenikata yeye mwenyewe, akiwa ameng'ata midomo. Kisha akanifungia kichupa cha mafuta kwenye kitambaa, akasema nikiweke mkobani, nitakihitaji.

Mke mwema huyu. Amefikiria hata kung'arisha viatu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeirudia hotuba mbele ya kioo. Inaanza na kanda ni nini, inaishia na kanda ni nani. Mke wangu akasema nisijichoshe na maneno, nipumzishe vidole.

Jumatatu, 10 Juni

Niandike polepole. Nikiandika haraka nitairuka aibu yenyewe.

Msafara uliingia asubuhi. Makatibu wa hospitali na vituo vyote vya kanda walikuwa wamealikwa, shemeji akiwemo, tai yake imefungwa vizuri, kwa sababu ya nani? Mkurugenzi Mkuu alishuka garini taratibu, mguu mmoja, kisha baada ya muda mguu wa pili. Ni mtu mkubwa, mwili umejaa. Alitembea kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Nikasema moyoni, ona heshima hiyo, hageuki ovyo.

Akasalimia kwa kutikisa vidole. Akaangaza macho, akaliona bango. KANDA. Uso ukafunguka. Akasema ehe, hapahapa. Akaniambia twende. Nikamtupia shemeji jicho moja la huruma, nikaingia na Mkurugenzi Mkuu, nikafunga mlango.

Ramani nilikuwa nimeitandika juu ya kitanda, tayari. Nimeipaka wino upya asubuhi hiyohiyo ili mipaka ing'ae. Nikasimama upande wa kichwani na kijiti changu. Nikaanza. Mkuu, kabla ya yote ni vizuri tujiulize, kanda ni nini?

Alikuwa anavua koti. Nikasema vizuri, mtu wa kazi. Akavua tai. Nikaendelea na mto. Akavua shati. Hapo nikapoteza mstari kidogo, lakini feni ile ni ndogo na joto lilikuwepo kweli. Kisha akashika ukingo wa kitanda, akajilaza kifudifudi, kwa uangalifu, kwa miguno, juu ya ramani. Juu ya Kanda ya Kati yote, na sehemu ya kanda jirani. Akageuza uso ukutani, akasema:

"Haya, kanda."

Nilisimama pale na kijiti. Nje nasikia Metroni anagawa viti. Maneno ya simu yakaanza kurudi moja moja, kila moja limevaa nguo zake halisi. Chini kumekaza. Mkono mzito. Mlango ufungwe. Herufi mbili! Herufi mbili tu zilizomezwa na waya! Na kucha. Na kichupa. Mke wangu alijua tangu Jumamosi, akaniacha niirudie hotuba mbele ya kioo!

Ningesema ukweli pale. Mkuu, pana makosa, mimi ni katibu. Lakini angeinuka, avae, aniulize mbele ya shemeji kwa nini nilisema ndiye mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikafungua kichupa. Nikainama.

Sikujua mgongo unakandwaje. Najua unga. Nikaanza pembeni, nikaja katikati, nikakunja, nikasukuma kwa kiganja, nikaupumzisha, nikarudia. Akalia aaa! Nikashtuka, nikaachia. Akasema usiache.

Basi nikaona fursa bado ipo. Mdomo wangu ulikuwa huru. Nikamwambia Mkuu, hospitali hii ndiyo inayostahili makao makuu. Akasema mmm. Nikauliza kama hiyo ni ndiyo. Akasema shuka kidogo. Nikashuka, nikamwambia ile ya ng'ambo iko mbali na watu. Akasema hapo, hapo, kandamiza. Nikakandamiza, nikauliza Mkuu unaafiki? Akasema mno. Nilishuhudia kwa masikio yangu, alisema mno.

Halafu akaanza kuongea mwenyewe, sauti imelegea. Akasema amewapigia simu makatibu wa kanda nzima kuuliza mtu wa kukanda mgongo. Kila mmoja alimwambia yupo, au anakuja, au yuko likizo. Ni mmoja tu aliyejibu kwamba hatuna, Mkuu, kanda nzima haina mtaalamu wa viungo tangu wa mwisho astaafu, na wazee wetu wanateseka. Yule wa ng'ambo. Ndiye aliyemwambia pia kwamba ana shemeji yake, si mtaalamu, lakini anamkandia dada yake unga wa mikate, na hajawahi kuona mikono yenye baraka kama ile. Anaona haya kuisema, shemeji alimwambia, na hajui anaona haya ya nini.

Uso ulinichoma. Kwa hiyo mfuasi wangu wa ng'ambo ni yeye! Nilitaka kukasirika, nikakasirika. Lakini nakiri, hapo katikati ya hasira palikuwa na kitu kingine kidogo, kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni. Mikono yenye baraka. Hakuna aliyewahi kusema hivyo kuhusu ufunguzi wangu wa vikao.

Mkurugenzi Mkuu akainuka. Akageuka kushoto. Akageuka kulia! Akainama, akashika magoti, akacheka kwa sauti. Na ramani ikainuka naye, imeganda tumboni kwa jasho na mafuta. Nikaibandua taratibu. Wino wote wa upande wetu ulikuwa umehamia kwake. Mto ulipita chini ya mbavu. Hospitali yetu ilikuwa juu ya kitovu, katikati kabisa. Kwa mara ya kwanza katika historia, tulikuwa katikati.

Kwenye karatasi, palipokuwa petu pakabaki doa. Kilichosalia safi ni hospitali ya ng'ambo.

Akaitazama karatasi. Akatazama tumbo lake. Akavaa shati.

Jumanne, 11 Juni

Imetangazwa. Mkuu wa Kanda ya Kati ni shemeji.

Mkurugenzi Mkuu alisema mbele ya wote kwamba anayetaka kuongoza kanda aanze kwa kujua kinachokosekana ndani yake. Makofi. Nami nikapiga, polepole, kwa vidole. Mto umerudishwa ulipokuwa.

Mimi nabaki katibu, chini yake, na jukumu la kukifungua upya chumba cha viungo hadi mtaalamu aletwe mwezi ujao. Agizo la kwanza la shemeji kama Mkuu wa Kanda lilikuwa bango lisiguswe, tayari linasema kweli. Mshale pia alisema ni mzuri.

Mama mkwe amepiga simu kumpongeza mwanawe. Kisha akaomba aongee na mimi. Akaniambia ana bega.

Sijamsemesha mke wangu mpaka jioni. Jioni akasema beseni liko jikoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia, niliambiwa herufi mbili, nikasema herufi si hoja. Nikakanda. Akaja kusimama pembeni yangu, akasema kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kumwonea mtu fahari kama jana alivyosikia Mkurugenzi Mkuu amegeuka kushoto na kulia. Nikamwambia unga unahitaji maji. Haukuhitaji. Nilitaka tu aende, nisilie ndani ya beseni.

Alhamisi, 13 Juni

Bibi wa goti yuko kwenye benchi. Moyoni mwake hajawahi kuondoka. Leo Metroni amesimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani, akinielekeza wapi nishike na wapi nisithubutu. Nimelikanda goti. Taratibu, kwa kiganja, kama anavyotaka mke wangu kwa unga wa ngano laini.

Bibi akasimama. Akaacha mkongojo ukutani, akaenda hadi mlangoni, akarudi kuuchukua kwa sababu ni wa mumewe. Akaniambia Mungu akubariki mwanangu, sasa huu ndio uongozi. Metroni ametoa kalamu. Amesaini karatasi ya kitanda, kwamba kibaki.

Nimebaki peke yangu chumbani, mikono inanuka mafuta. Nimewaza. Labda mtu ana lake alilopewa, na si lazima liandikwe kwenye bango. Labda shemeji si adui. Labda jambo la busara ni kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Nimeona niliandike hili ili nisilisahau.

Ijumaa, 14 Juni

SHAJARA YANGU! Bahati haibishi hodi mara moja!

Simu imelia asubuhi. Laini ileile mbovu, sauti ya mtu mzito, kutoka makao makuu ya Mamlaka. Anasema kule mfumo umeziba. Mfumo! Umeziba kuanzia juu hadi chini, yanarudi badala ya kwenda, wakubwa wamehama ofisi zao. Wanahitaji kwa haraka mtu wa kuuzibua, asiyeogopa kuingiza mkono palipooza. Ameambiwa na Mkuu wa Kanda wetu kwamba hapa kuna anayejua... laini ikameza... fundi wa kutegemewa, nimwite.

Nimwite! Nimwite nani? Shemeji amenipendekeza tena, damu ni damu! Sikungoja avute pumzi. Nimemwambia ndiye mimi!

Akauliza uzoefu. Nikasema usiulize.

Kwa hiyo Jumatatu naenda makao makuu. Juu ya kanda zote tatu! Shemeji ataniandikia mimi barua za likizo. Nimeianza hotuba, inafungua na mfumo ni nini. Mke wangu nimemsimulia yote. Akakaa juu ya gunia.

Amenitayarishia viatu vya mpira vinavyofika magotini. Na yule bwana wa simu naye alisisitiza hivyohivyo, nisije bila viatu vya mpira. Nadhani kule mvua imenyesha.

Nitavaa suti.